Mwalimu Anajibu: Mgahawa wa Mwaloni na haki ya kupiga kura

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mama lishe hapa Kirumba, Mwanza, jirani na soko la samaki la Mwaloni. Napika ugali kwa sato, dagaa na maharage, na Ijumaa napika wali. Wateja wangu ni wabeba mizigo, wafungashaji wa dagaa, vijana wa bodaboda na wavuvi wanaotoka visiwa vya Ukerewe na Ukara. Uchaguzi uliopita wengi wao hawakupiga kura. Mmoja alijiandikisha kwao Sengerema na hakuwahi kuhamisha taarifa zake. Mwingine kadi ilizama ziwani. Binti anayeniosheaga vyombo alikuwa ametimiza miaka 18 lakini hakujua aanzie wapi. Natamani mgahawa wangu uwasaidie kabla ya uchaguzi ujao. Mume wangu ananionya kwamba nitaonekana nahonga watu kwa chakula, au nimetumwa na chama. Nifanyeje? – Mama lishe, Kirumba

Marahaba mwanangu, na pole na moshi wa jikoni. Mumeo ana hoja, tena nzito. Nitaanza nayo, maana ukishaielewa utaifanya kazi hii kwa moyo mweupe.

Kila anayekula kwako alipe sahani yake, kwa bei ile ile, awe na kadi ya mpiga kura au asiwe nayo. Usimpe soda ya bure aliyejiandikisha. Usimpunguzie bei anayekuonyesha kidole chenye wino. Mtu aliyelipia ugali wake hadaiwi kitu na wewe. Akinyanyuka mezani kwako ananyanyuka na uamuzi wake mzima, na hapo mumeo atakosa cha kuogopa.

Nilipokuwa nafundisha Uraia nilipenda kuwasimulia wanafunzi habari za Georgia Gilmore, mpishi wa mji wa Montgomery, Alabama, nchini Marekani. Desemba 1955 watu weusi wa mji ule waligoma kupanda mabasi yaliyowabagua, na mgomo ukaenda siku 381. Watu walipaswa kufika kazini kila asubuhi, kwa hiyo yalihitajika magari, na magari yalihitaji mafuta na matairi. Gilmore na wanawake wenzake wakakaanga kuku, wakaoka keki na pai za viazi vitamu, wakaziuza saluni, kwa madobi na nyumba kwa nyumba. Fedha waliyoipata waliipeleka kwenye mikutano ya mgomo. Wengi wao walikuwa watumishi wa ndani katika nyumba za Wazungu, na wangejulikana wangefukuzwa. Ndiyo maana kikundi chao walikipa jina lenye maana ya klabu isiyotoka popote: anayeulizwa fedha imetoka wapi angejibu bila kusema uongo. Gilmore mwenyewe alitoa ushahidi mahakamani mwaka 1956 katika kesi ya Martin Luther King, kiongozi wa mgomo ule, akapoteza kazi yake ya upishi. Akageuza nyumba yake kuwa mahali pa kulia chakula, na King akawa miongoni mwa waliokaa mezani pake.

Tazama fedha ilikotoka na ilikokwenda. Ilitoka kwa mlaji aliyenunua kuku wake kwa hiari, ikaingia kwenye shughuli ya wote. Anayehonga huigeuza njia hiyo: fedha inatoka mfukoni mwake, inapita kwenye sahani, inakwenda kumfunga mtu mmoja mmoja. Mama, wewe uko upande wa Gilmore, mradi bei ya ugali wako iwe ni bei kweli.

Ule ulikuwa mgomo wa mabasi. Kuhusu kura yenyewe, mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka kisiwa cha Johns Island, jimbo la South Carolina, na wewe unayewahudumia watu wa visiwani utauelewa upesi. Katika jimbo lile mtu mweusi aliyetaka kujiandikisha alitakiwa asome kifungu cha katiba mbele ya karani, na wengi hawakuwahi kupata shule. Esau Jenkins alikuwa na basi la kuwapeleka watu kazini mji wa Charleston. Abiria wake mmoja, Alice Wine, akamwomba amsaidie kusoma ili aandikwe. Jenkins na wenzake katika chama chao walinunua jengo kuukuu la shule, wakafungua duka la vyakula upande wa mbele, na nyuma wakaacha chumba cha darasa. Aliyepita barabarani aliona duka. Januari 1957 watu wazima 14 walianza kusoma mle ndani, na mwalimu wao, Bernice Robinson, kazi yake ilikuwa kusuka na kutengeneza nywele.

Robinson hakuwarukia na katiba. Aliwauliza kwanza wanataka kujua nini. Walitaka kuandika majina yao, kusoma Biblia, kujaza fomu za kutuma fedha na kuagiza vitu kwa posta. Akaanzia hapo. Nyuma yake alikuwapo Septima Clark, mwalimu aliyefukuzwa kazi mwaka 1956 kwa sababu alikataa kujitoa katika chama cha kutetea haki za weusi. Madarasa ya namna ile yakaenea majimbo ya Kusini, na maelfu ya watu wakaingia kwenye daftari la wapiga kura. Mimi ni mwalimu, na kila nikimsoma Septima Clark naona fahari juu ya kazi hii ya chaki.

Kwetu hakuna mtihani wa kusoma mbele ya karani. Kulikuwa na vikwazo vya aina yake: katika uchaguzi wa 1958 na 1959, kabla ya Uhuru, aliyetaka kupiga kura alitakiwa awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo fulani. Mwanamke aliyekuwa akipika kandokando ya ziwa wakati ule, kwa masharti yale, angebaki nje. Leo Ibara ya 5 ya Katiba inampa haki hiyo kila raia aliyetimiza miaka 18. Kinachowazuia watu wa Mwaloni ni mambo madogo madogo ya maisha: saa, nauli, boti na mbalamwezi.

Hili la mbalamwezi nataka tulikalie kidogo, maana sijaona mtu akilizungumza. Wewe unajua kwamba dagaa huvuliwa kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa haifui dafu, kwa hiyo wavuvi hupumzika. Ndizo siku ambazo wanakuja mjini, wanakula, wananyoa, wanatuma fedha nyumbani. Sasa kumbuka uboreshaji wa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura mkoani kwetu mwaka 2024. Ulifanyika siku 7 tu, tarehe 21 hadi 27 Agosti. Mwezi mpevu ulikuwa tarehe 19. Kwa hiyo siku zile ziliangukia pale pale giza linaporudi na mitumbwi inaposukumwa majini. Mvuvi aliyekuwa ameketi kwenye benchi lako tarehe 19 akinywa chai, tarehe 24 alikuwa kambini Ukara akichambua nyavu. Hakuna aliyemnyima haki yake, lakini pia hakuna aliyemwambia "kaa siku mbili zaidi". Wewe ungeweza kumwambia. Ofisi yoyote ya serikali haijui ratiba ya wavuvi wa dagaa kama wewe unayewapikia.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kujua tarehe mapema. Mtendaji wa kata na mwenyekiti wa mtaa huzipata. Sheria inaitaka Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi iboreshe daftari mara mbili kati ya uchaguzi mkuu mmoja na mwingine, basi usingoje mwaka wa kampeni. Ziandike kwenye ubao ule ule unaoandikia "Leo: sato, dagaa, maharage", kwa chaki na herufi kubwa, pamoja na jina la kituo. Mteja anayerudi visiwani mtajie kwa mdomo. Aliyehama kutoka Sengerema anatakiwa ahamishe taarifa zake kipindi hicho cha uboreshaji. Siku ya kura atakuwa amechelewa. Aliyepoteza kadi aombe nyingine wakati huo huo. Na binti yako wa vyombo ajue kwamba hata ambaye hajafikisha miaka 18 huandikwa, mradi atakuwa ameifikisha ifikapo siku ya uchaguzi. Asubuhi ya siku yake mpe ruhusa, na umlipe kama kawaida.

Liko jambo lililowaponza wengi, nalo nakuomba ulirudie hadi wakuchoke. Uchaguzi wa serikali za mitaa una orodha yake. Iliyoandikwa Oktoba 2024 kwa ajili ya kuchagua wenyeviti wa mitaa, vijiji na vitongoji haikuwa Daftari la Kudumu. Nimekutana na watu wazima, tena wasomi, waliodhani kwamba wakishaandikwa kwa mwenyekiti basi wameandikwa kote.

Mipaka yako ni hii. Usikusanye kadi za watu, wala kunakili namba zake kwenye daftari la madeni, hata kama nia yako ni kuwakumbusha. Kadi ikae kwa mwenyewe. Usiruhusu bendera ya chama chochote ndani, na mgombea akija kula ale kama mteja. Na ukitaka kikao hasa cha elimu ya mpiga kura, na maswali na majibu, usikiendeshe peke yako: elimu hiyo inaratibiwa na Tume, na taasisi zinazoitoa hupewa kibali. Waalike wenye kibali waje saa nane mchana wateja wakipungua, uwape viti, nao wanunue chai yao.

Najua pia kwamba baada ya uchaguzi wa Oktoba 2025 na ghasia zake wapo wateja wenye majeraha, wapo waliofiwa, na neno kura likitajwa wanaacha kula. Usiwalazimishe. Mtu wa namna hiyo mpe chakula chake na nafasi ya kusema au ya kukaa kimya. Huko New Orleans mama mpishi Leah Chase aliwapa weusi na Weupe chumba cha juu cha mgahawa wa Dooky Chase's wakae pamoja wapange harakati zao, wakati sheria ilikataza wasile meza moja. Aliwawekea supu mbele yao na kuwaacha wazungumze. Alifariki mwaka 2019 akiwa na miaka 96, na mpaka uzeeni alikuwa bado jikoni.

SWALI: Mwalimu, kuna mwanasiasa huku kwetu ambaye huwaalika vijana pilau kwenye mgahawa, bajaji zimelipiwa kwenda na kurudi. Nikienda nikala halafu nisimpe kura, nitakuwa mnafiki? Njaa ipo, Mwalimu, sikufichi. – Kijana, Igoma

Mwanangu, usiende. Nakujibu hivyo nikiwa naijua njaa.

Jambo hili lina historia hapa nchini. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilibadilishwa ili kuruhusu kile kilichoitwa takrima, yaani mgombea kuwakirimu watu kwa desturi za Kiafrika, na isihesabike kuwa rushwa. Mtu akachinja ng'ombe, akapika pilau, akasema ni utu tu. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na mashirika mawili wenzake wakaipeleka Serikali mahakamani, na Aprili 2006 Mahakama Kuu ikatamka kwamba vifungu vile vinakiuka Katiba. Sababu yake hata mtoto ataielewa: mwenye fedha na asiye na fedha hawakuwa wanasimama sawa, na mwananchi maskini alikuwa anavutwa kwa tumbo. Mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi kuongeza makali. Na kosa la rushwa haliishii kwa anayetoa. Anayepokea naye yumo. Ukiona pilau la namna hiyo, namba ya TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa, ni 113 na simu ni bure.

Desturi zetu Wasukuma nazijua, nimezaliwa ndani yake. Mgeni anakuja anakuta michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na maziwa, anakula, na hakuna anayemuuliza atalipa nini. Ukarimu wa mzee wangu haukuja na bajaji, wala haukungoja mwaka wa uchaguzi. Kwa hiyo wanaposema ni mila, usikubali.

Kama ulishakula, usijitese. Karatasi ya kura unaijaza peke yako nyuma ya kizuizi, na hakuna mwenye haki ya kukuuliza uliweka alama wapi. Huna deni. Unafiki ungekuwa kumpa nchi mtu usiyemwamini kwa sababu ya paja la kuku.

Lakini umenigusa uliposema njaa ipo. Njaa hutumika kuwafunga watu kamba, na mara nyingine hutumika waziwazi. Mwaka 1962 maofisa wa kaunti ya Leflore, Mississippi, walisitisha mgao wa chakula cha serikali kuu uliokuwa ukiwafikia maelfu ya vibarua weusi wa mashamba ya pamba, kwa sababu weusi wa mji wa Greenwood walikuwa wameanza kujiandikisha kupiga kura. Majira yale ya baridi vijana wa harakati waliomba msaada nchi nzima, malori yakaja, na Februari 1963 mchekeshaji Dick Gregory akakodi ndege iliyobeba zaidi ya tani 6 za chakula. Kile kilitolewa bure, na mimi siwezi kukiita hongo. Kilirudisha mezani kitu ambacho watu wale walinyang'anywa kwa kudai haki yao, na waliokigawa hawakuwa na jina la kuwekewa alama kwenye karatasi. Yule wa pilau la kwenu analo.

Ninyi vijana mkikutana na njaa hiyo, changeni. Kilo moja ya mchele na dagaa wa kukaanga inalisha wengi, mkila kwenye ghetto lenu mnajadili nani amefanya nini katika kata yenu. Hapo hakuna wa kumshukuru isipokuwa ninyi kwa ninyi.

SWALI: Sisi ni kikundi cha akina mama wa kikoba, Nyegezi. Uchaguzi ukifika tunataka kupika uji tuwapelekee waliopanga foleni kituoni, hasa wazee. Inaruhusiwa? – Katibu wa kikundi

Ndugu katibu, nia yenu naijua tamu yake. Nimewahi kufanya kazi ya karani mwongozaji wapiga kura, nimeona bibi akiyumba juani kwa sababu alitoka nyumbani alfajiri bila kitu tumboni. Nimeona pia mama wa chapati akifika saa tisa na nusu alasiri, unga bado uko mikononi, akihema, anauliza kama bado anaweza.

Uji si jambo dogo kama linavyoonekana. Jimbo la Georgia, Marekani, lilitunga sheria mwaka 2021 inayokataza kumpa mpiga kura chakula au maji karibu na kituo, na wakosoaji wakalalamika kwamba foleni ndefu ziko hasa kwenye mitaa ya weusi. Waliotunga walisema wanazuia ushawishi. Kule Australia mambo ni tofauti: kupiga kura katika uchaguzi wa kitaifa ni lazima tangu 1924, uchaguzi huwa Jumamosi, na wazazi huchoma soseji kwenye viwanja vya shule zilizogeuzwa vituo, wanaziuza, fedha inaenda kwa shule. Huo ni utaratibu wangu kabisa: kila mtu ananunua, na hakuna anayeuliza wa chama gani.

Kwa hapa kwetu, msiingie uwanjani na sufuria. Wiki kadhaa kabla, nendeni kwa msimamizi msaidizi wa uchaguzi ngazi ya kata, mumweleze, mfuate atakavyosema. Akikubali, wekeni meza nje ya eneo la kituo. Uzeni uji kwa bei ya kawaida, msivae sare ya kikundi inayofanana na rangi za chama chochote, na msizungumzie wagombea hata kwa kuguna. Akikataa, msibishane naye. Bibi wa kuyumba hahitaji uji wenu ili ahudumiwe: wazee, wagonjwa, wajawazito, wanaonyonyesha na wenye ulemavu hupewa nafasi ya kwanza. Mpelekeni mbele, mwambieni karani.

Halafu fikirieni yule mama wa chapati. Siku ya uchaguzi mkuu hutangazwa mapumziko, lakini mapumziko hayo hayamhusu anayeuza chakula. Kwake ni siku ya wateja wengi. Vituo hufunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 10 jioni, na aliyekuwa kwenye foleni saa 10 ikigonga anaruhusiwa kupiga kura. Kikoba chenu kina wauza mboga, wauza samaki, wenye migahawa. Kaeni usiku wa kuamkia siku ile mpange zamu: wawili waende saa 1, watatu wabaki na biashara za wenzao, kisha wabadilishane kabla ya saa 5 jua halijakaza. Aliye na kichanga aende na mwenzake wa kumshikia. Mwenye mgahawa awaruhusu wapishi wake kwa zamu hiyo hiyo bila kuwakata posho, na sufuria la maharage libaki na mtu aliyekwisha kupiga kura.